Bei Tatu za Ukuta Mmoja

Hoja iliyo mezani ni hii: anayekarabati nyumba ampe kazi fundi wa mtaani au kampuni iliyosajiliwa?

Nyumba tutakayoitumia kujadili iko Sinza, Dar es Salaam, kwenye viwanja vilivyopimwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, pamoja na vile vya Kijitonyama na Mikocheni. Nyumba za rika lake zimeanza kudai matunzo. Lipu inamomonyoka chini ya madirisha, nyaya za umeme ziliwekwa zama za taa nne na redio, na sebule ilijengwa kwa familia ambayo sasa ina wajukuu. Wanaojibizana ni watatu. Shangazi ndiye mwenye nyumba, muuguzi mstaafu. Mpwa wake ni mhandisi katika kampuni ya ukandarasi. Fundi ni mwashi anayekaa mtaa wa nyuma. Sauti hizi zimetungwa, ila hoja zao husikika kila panapomwagwa lori la mchanga mlangoni kwa mtu.

MPWA: Shangazi, mimi sizunguki. Kazi hii mpe mkandarasi aliyesajiliwa. Tangu Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya 1997 tunayo Bodi, CRB, na kampuni za majengo zimepangwa kuanzia daraja la kwanza hadi la saba. Kazi yako haihitaji kampuni kubwa. Hata ya daraja la saba inatosha. Jina lake liko kwenye orodha ya Bodi, ina ofisi, ina leseni inayoweza kufutwa. Ikivuruga, una pa kwenda. Fundi akivuruga, utaishtaki namba yake ya simu?

FUNDI: Namba ya simu na mlango wangu, injinia. Mama anajua ninapolala. Nikimwibia leo, kesho mtaa mzima unajua na sipati tena hata kazi ya kuziba ufa wa choo. Ninyi mkimvuruga mama mmoja wa Sinza, mnahamia Kigamboni mnaendelea na kazi. Halafu nikuulize: usajili unamwambia mama nani atakayeshika mwiko? Kuna kampuni ilikuja kijiweni kwetu asubuhi na pikapu, ikapakia watu, na mimi nikiwemo. Lipu ambayo tajiri aliilipia bei ya kampuni niliipiga mimi, kwa ujira wa kutwa. Sasa mama akinipa mimi moja kwa moja, amepoteza nini?

MPWA: Amepoteza msimamizi. Mkono ni wako, sibishi. Lakini kwenye kampuni kuna mtu wa kukagua mchanganyiko, wa kurudisha mchanga wenye chumvi, wa kukuambia bomoa urudie.

FUNDI: Alikuwepo, kweli. Alikuwa anakuja Ijumaa, kutulipa.

SHANGAZI: Ngojeni kwanza, maana mnagombea kazi ambayo hata mimi sijaielewa. Ukuta wa chumba cha wajukuu una unyevu. Fundi hapa alinitajia laki nne: akwangue lipu, apige nyingine yenye dawa ya kuzuia maji. Mwenzake wa mtaa wa pili akataka milioni moja na laki mbili, abandike vigae hadi usawa wa dirisha. Kampuni aliyoniletea mpwa wangu ikaandika milioni tatu na laki tano, bado kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Ukuta ni huohuo mmoja. Nimchague nani hapo?

MPWA: Bei ndogo sana inatakiwa ikutie wasiwasi, shangazi.

FUNDI: Na kubwa je, hiyo haitii wasiwasi?

SHANGAZI: Zote zilinitia wasiwasi, kwa sababu moja. Miaka yangu yote wodini, mtu aliyeandika dawa kabla ya kipimo tulimkemea. Niliwauliza wote watatu: maji haya yanatoka wapi? Mmoja akasema ni nyumba ya zamani. Wa pili akasema ni Dar es Salaam. Wa tatu akanipa kadi yake ya biashara.

FUNDI: Mama, hapo umenishika. Laki nne niliitaja nikiwa nimesimama mlangoni. Basi tuuangalie ukuta wenyewe. Unyevu umeanzia chini na umeishia hapa, kabla ya dirisha. Juu ni pakavu, kwa hiyo bati silishuku. Pitisha kidole. Unaona unga mweupe? Ni chumvi. Maji yameipandisha ukutani, yakakauka yakaiacha, na yenyewe ndiyo inayoisukuma lipu idondoke. Sasa tutoke nje. Hii pevingi uliiweka lini?

SHANGAZI: Mwaka niliomwoza binti yangu. Kabla ya hapo palikuwa mchanga mtupu.

FUNDI: Tazama kimo chake. Imekuwa juu kuliko sakafu ya ndani. Masika maji hayana pa kwenda, yanaegemea ukuta. Hata kama aliyejenga alitandika nailoni ya kuzuia maji juu ya msingi, sisi tumeshaipita kwa juu.

MPWA: Hapo nakuunga mkono. Kwa kawaida ardhi ya nje ibaki chini ya nailoni hiyo kwa sentimita 15 hivi. Lakini tusiihukumu pevingi peke yake. Upande wa pili wa ukuta huu kuna bafu. Usiku tufunge koki zote, tusome mita ya maji, tuisome tena alfajiri kabla mtu hajanawa uso. Tarakimu zikiwa zimesogea, kuna bomba linavuja. Na koki ya kuingilia tenki nayo tuifunge, la sivyo tenki litajijaza usiku na mita itatudanganya.

FUNDI: Mita haitatuambia habari za sakafu ya bafu. Hiyo tunaziba tundu la kutolea maji, tunajaza maji kimo cha kidole, tunapiga alama ya penseli, tunaangalia kesho yake. Maji yakishuka chini ya alama zaidi ya yale ya kukauka na hewa, sakafu inapitisha.

SHANGAZI: Mmeona wenyewe. Tumesimama hapa muda mfupi tu na tayari kuna washukiwa watatu: pevingi, bomba, sakafu ya bafu. Dawa ya kila mmoja wao ni tofauti. Kama ni pevingi, kazi ni kuishusha na kuyapa maji njia, na lipu inakuja mwisho. Kama ni bomba, huenda ni kiungo kimoja tu. Na vile vigae vya milioni moja na laki mbili?

FUNDI: Vingeficha. Maji yangekosa pa kutokea, yangepanda juu ya vigae, na mwakani ungeniita tena.

SHANGAZI: Na wewe, baba, kampuni uliyoniletea imeandika kwenye karatasi yenye nembo: “Kukarabati kuta zenye unyevu, jumla.” Jumla ya nini? Mita ngapi za mraba, lipu inakwanguliwa hadi wapi, pevingi inaguswa au haiguswi?

MPWA: Walipaswa kukuletea mchanganuo. Mstari kwa mstari, kipimo na bei yake.

SHANGAZI: Walipaswa, ila hawakuleta. Nilikuwa najisumbua kulinganisha watu, kumbe kazi walizonitajia ni tatu tofauti. Laki nne si rahisi na milioni tatu na nusu si ghali, kwa sababu hazinunui kitu kimoja. Kwanza kazi iandikwe karatasi moja, wote wapewe karatasi hiyohiyo, ndipo bei zao zitakuwa na maana.

FUNDI: Sawa, mama, lakini na mimi nikuambie kwa nini nasemea mlangoni. Nani hapa mtaani anamlipa fundi kwa kuangalia? Nikija kukagua, nauli yangu, nusu siku yangu. Nakagua nyumba tano, moja inanipa kazi. Hasara ya zile nne naipachika kwenye bei ya ile moja. Ukaguzi wa bure unaulipa wewe, ila hujui umeulipa lini.

MPWA: Na anayekagua bure ana sababu ya kuuona ugonjwa anaojua kuutibu. Mwenye vigae ataona vigae. Ndiyo maana nasema, mlipe mtu wa kukagua tu. Mhandisi aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi, ERB, au mkadiriaji majenzi. Wakadiriaji na wabunifu majengo wana bodi yao, AQRB. Nusu siku yake, akuandikie orodha ya kazi na vipimo. Asiwe wa kampuni itakayoomba kazi. Mimi mwenyewe nisihesabiwe, nina upande.

SHANGAZI: Hapo umenifurahisha kuliko hotuba yote ya CRB. Na undugu ndio ulionitia hofu zaidi. Mtu baki akinidanganya nitamfukuza. Mpwa wangu nitamfukuzaje, na Idi tutakaa mkeka mmoja?

MPWA: Tuje basi kwenye ukuta wa kati ya sebule na chumba cha kulia, ule unaotaka utolewe.

FUNDI: Huo siku mbili, mama. Tunaegesha kenchi kwa mirunda, tunabomoa, tunapitisha boriti ya zege yenye nondo nne za milimita 12. Nimeshatoa kuta kama hizo.

MPWA: Nne kwa hesabu ya nani? Na 12 aliisema nani?

FUNDI: Uzoefu.

MPWA: Uzoefu wako umekuonyesha kuta zilizosimama siku uliyolipwa. Hapa panatakiwa hesabu: uwazi ni mita ngapi, kenchi zimelalia wapi, na ncha mbili za boriti zitasimama juu ya msingi wa aina gani. Katika nyumba za zamani kenchi nyingine zimeegemea kuta za ndani, na huwezi kujua mpaka upande darini. Jengo lililoanguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 halikuwa jengo jipya. Lilikuwa na maduka, watu wako ndani wanauza na kununua.

FUNDI: Na lile la 29 Machi 2013, mtaa wa Indira Gandhi? Ghorofa 16, watu 36 wakafa. Hilo nalo lilijengwa na fundi wa mtaani? Walioburuzwa mahakamani walikuwemo wahandisi na maofisa wa manispaa.

MPWA: Sibishi. Ghorofa zilizojengwa zilikuwa nyingi kuliko zilizoombewa kibali. Muhuri hauwezi kushika zege. Lakini ona unachokisema: waliburuzwa mahakamani kwa sababu majina yao yalikuwa kwenye karatasi. Ukuta huu ukianguka juu ya wajukuu, karatasi yenye jina lako iko wapi? Na hata wewe mwenyewe, unataka kulala na mzigo huo kwa ujira wa siku mbili?

FUNDI: ...Huo ukuta mpe mhandisi achore. Nikichorewa nitaujenga kama ulivyochorwa, na nondo atakazosema nitaweka hata kama ni sita.

MPWA: Na kibali tuombe Manispaa ya Ubungo kabla nyundo haijagusa. Umeme vilevile: nyaya zibadilishwe na mtu mwenye leseni ya EWURA. Leseni aitoe, tuisome, tuone daraja lake, siyo atuambie ameisahau nyumbani.

FUNDI: Umeme sikuugusa na sitaugusa.

SHANGAZI: Basi swali lenu la mwanzo linajibika, lakini kwa kila kazi peke yake. Kitu kikiharibika kinaua mtu, au kinajificha ndani ya ukuta hadi siku ya maafa, hapo nataka usajili, hesabu na saini. Kitu kikiharibika nitakiona kwa macho na kitarudiwa kwa gharama ya mifuko miwili ya saruji, hapo nataka mkono mzuri na bei nzuri. Lipu, vigae na rangi sioni kwa nini nilipie ofisi ya mjini.

MPWA: Unaona umebana matumizi, ila umejitwika ukandarasi wewe. Mtu wa umeme akichimba mfereji kwenye lipu mpya ya Fundi, nani analipa? Kampuni ingejilaumu yenyewe. Wewe utakuwa na watu wawili, kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole.

SHANGAZI: Ndiyo maana mabomba na umeme vinatangulia, lipu inafuata, vigae baada yake, rangi mwisho kabisa. Hakuna anayeingia kabla aliyemtangulia hajakabidhi. Mimi ni mstaafu, nashinda nyumbani. Lakini nakubali hoja yako kwa mwingine. Dada yako aliyeko Muscat anayemtumia shemeji pesa za kukarabati nyumba ya Tanga, huyo kampuni inamfaa kuliko mafundi watano na shemeji mmoja.

MPWA: Vifaa nani ananunua?

FUNDI: Mama anunue mwenyewe. Nasema hivi ingawa najinyima. Fundi akitumwa dukani anapata cha juu. Mwenye duka anamwandikia risiti anayotaka. Na hicho cha juu ndicho kinachofanya laki nne ionekane rahisi. Ninachoomba ni vifaa viwepo asubuhi, siyo mimi na kibarua wangu tukae tunasubiri saruji mpaka saa nane na siku inahesabika.

SHANGAZI: Na nikishanunua nitajuaje saruji imeingia ukutani, haijatoka kwa geti la nyuma?

FUNDI: Hesabu ndoo. Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35. Ukitaka lipu ya moja kwa nne, mchanga wa mfuko mmoja ni lita 140, yaani ndoo saba za lita 20. Ukiona ndoo zimefika kumi na mbili, mtu anakupigia mchanga. Mchanga wenyewe uonje kwa ncha ya ulimi. Ukiwa na chumvi, urudishe, hata kama lori limeshamwaga. Halafu lipu ikishapigwa inataka kumwagiwa maji siku kadhaa, asubuhi na jioni. Hiyo kazi kampuni husahau, na mafundi husahau. Mwenye nyumba akiwa macho, haisahauliki.

MPWA: Angalia alivyokupa silaha ya kumkagua yeye mwenyewe. Fundi wa namna hii ndiye wa kumchukua. Ukitaka kumpima fundi yeyote, muulize atakavyokaguliwa. Picha za kwenye simu achana nazo, picha hupigwa siku ya rangi mpya. Nenda nyumba aliyoimaliza kabla ya masika yaliyopita, gonga vigae kwa sarafu usikilize vinavyolia tupu, na umuulize mwenyewe: kilipoharibika kitu, alirudi?

FUNDI: Kwangu twende hata kesho. Na cheti cha VETA ninacho. Nilipimwa ujuzi nilioupata kazini, nikafaulu. Lakini na fundi naye anachagua. Mnazungumza kama sisi ndio wezi peke yetu. Tajiri anabadili mawazo katikati: dirisha liwe hapa, hapana, liwe kule, na bei ni ileile. Kazi ikiisha, malipo ya mwisho ni njoo kesho, njoo Jumatatu, mtoto anaumwa. Ndiyo maana fundi mwenye akili anadai nusu mbele. Siyo kwamba anataka kuingia mitini. Amewahi kuachwa na vibarua wawili wanaomdai.

SHANGAZI: Nusu mbele sikupi. Kutwa pia sikulipi, maana nikikulipa kwa siku, siku zitazaana. Na nikikulipa kwa mkupuo, utakimbizana na wakati. Tugawe kazi kwa vipande vinavyoonekana: kukwangua na kusafisha, lipu, vigae, rangi. Kipande kikiisha tunakikagua, jioni ileile unapata chako. Vifaa ni vyangu, kwa hiyo huna mtaji wa kuzamisha.

MPWA: Na umbakizie kidogo mkononi. Kwenye mikataba yetu ni asilimia 5 hadi 10, inalipwa baada ya muda wa matazamio.

FUNDI: Muda gani?

SHANGAZI: Mpaka masika yapite. Mimi nanunua ukuta uliopitiwa na mvua.

FUNDI: Masika ni mbali, mama. Asilimia kumi ya ufundi kwangu ni kodi ya chumba.

SHANGAZI: Basi iwe tano, na kama mvua imepita ukuta ukiwa mkavu, unapata tano yako na jina lako nalitangaza kwenye kikoba chetu, tuko akina mama wengi wenye nyumba za umri huu.

MPWA: Yaandikwe. Sheria ya Mikataba haikatai makubaliano ya mdomo, lakini mkifika Mahakama ya Mwanzo kila mmoja atakumbuka lake. Kazi, vipimo, bei ya kila kipande, tarehe, nani analeta vifaa, nani anaondoa kifusi. Mwenyekiti wa mtaa ashuhudie.

SHANGAZI: Mali bila daftari huisha bila habari. Daftari ninalo. Mkaguzi anakuja kwanza, analipwa yake, anaandika. Ukuta wa sebule na umeme ninyi wa kampuni mnaruhusiwa kuomba, kwa karatasi yake, mstari kwa mstari. Lipu, vigae na rangi, Fundi na wenzake wawili waombe kwa karatasi hiyohiyo. Nitakayemchagua simjui bado, na sioni haya kusema hivyo.

MPWA: Mimi bado nasema mwenye kazi zote ndiye anayewajibika kwa zote.

SHANGAZI: Andika hilo kwenye barua yako ya maombi, nilisome pamoja na bei.

FUNDI: Na mimi nina kifungu changu kiandikwe kabla sijaweka saini. Rangi ichaguliwe kabla ya kununuliwa. Ukutani ikishapakwa na mama akaona haikumpendeza, kupaka upya ni kazi nyingine, na ina bei yake.